Core i5 Mbili, Wati 15 Zilezile

Kwenye maduka ya kompyuta mpakato zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, maneno ya kuuzia huwa machache: "Core i5, RAM nane, SSD." Mnunuzi makini ataongeza swali la kasi. Mhadhara huu unaanzia hapo, kwa kuwa swali hilo hata likijibiwa kwa ukweli mtupu linaweza kumwondoa mtu dukani na mashine dhaifu zaidi.

Mfano ni ThinkPad T470 na T480 za Lenovo. Zikifunikwa, hufanana kama mapacha. Ya kwanza iliuzwa, pamoja na prosesa nyingine, ikiwa na Intel Core i5-7200U ya mwaka 2016. Ya pili ikawa na i5-8250U, iliyotangazwa Agosti 2017. Zote ni i5, zote ni za nanomita 14, zote zimepangiwa wati 15, na muundo wa kila kiini karibu haukuguswa. Kwenye maelezo ya kiwanda kasi ya msingi ni gigahezi 2.5 kwa ile ya zamani na 1.6 kwa ile mpya. Anayenunua kwa kusoma namba atabeba ya zamani.

Namba haisemi uongo, ila inajibu swali jingine. Kasi ya msingi ni ile ambayo viini vyote vinaahidiwa kuimudu kwa pamoja bila kuvuka wati zilizopangwa. i5-7200U ina viini viwili. i5-8250U ina vinne, na kachi ya megabaiti 6 badala ya 3. Viini vinne vikigawana umeme uliokuwa wa viwili, lazima kila kimoja kipunguze mwendo. Kazi ikiwa nyepesi mambo hugeuka: ya zamani hupanda hadi 3.1, mpya hadi 3.4.

Ndiyo maana anayeandika barua au kusoma gazeti mtandaoni haoni tofauti kubwa. Kuongeza wapishi hakuliivishi yai moja haraka zaidi. Anayehariri video au kubana mafaili makubwa ndiye anayeiona. Intel yenyewe, ilipotangaza kizazi hicho cha nane, ilidai ongezeko la hadi asilimia 40. Viini vimekuwa maradufu, faida haikufika hata nusu! Sababu moja ni programu zisizojua kugawa kazi. Nyingine ni joto.

Joto ndilo hakimu. Kwa sekunde za mwanzo prosesa huruhusiwa kuvuka wati zake 15, na kasi huwa ya kupendeza. Kisha chuma kinapata moto, feni inanguruma, kasi inashuka. Kipimo cha Cinebench, kazi ya kampuni ya Maxon ya Ujerumani, kikiendeshwa mara moja hutoa alama za kujivunia. Kikirudiwa mfululizo bila mapumziko, alama huteremka, na zile za mwishoni ndizo za kuaminika. Mashine mbili zenye i5-8250U moja zinaweza kuachana mbali kwa sababu tu feni ya moja imejaa vumbi na grisi yake ya kupitishia joto imekauka. Kwa bidhaa za mitumba, hilo si jambo dogo.

Vipi i7-8550U, ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ya juu kidogo? Viini vinne, wati 15, kilele cha gigahezi 4.0. Bei elekezi ya Intel ilikuwa dola 409, dhidi ya 297 za i5-8250U. Sehemu kubwa ya dola hizo 112 hununua mbio fupi. Kazi ikirefuka, zote mbili hukutana kwenye ukuta uleule wa joto.

Kuna tofauti moja isiyoonekana kwenye kipimo chochote. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, Microsoft iliiweka i5-8250U kwenye orodha ya prosesa zinazokubalika na kuiacha nje i5-7200U. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye T470 bado anaweza kuweka Linux na kuendelea na kazi zake vizuri. Asiyetaka njia hiyo abonyeze Ctrl, Shift na Esc akiwa bado dukani, afungue ukurasa wa utendaji, asome jina kamili la prosesa na ahesabu viini kabla ya kutoa pesa.