Ngoma Iliyojenga Chama

 

Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alifika Dar es Salaam akawauliza viongozi wa chama cha TANU: tawi la wanawake liko wapi? Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na swali likawakuta wanaume hawana jibu. Ndipo akaitwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa 1926, ambaye mji ulikuwa ukimjua kwa sauti yake ngomani.

Bibi Titi aliwaendea kwanza viongozi wa vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, nao wakaufikisha ujumbe kwa wenzao. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake, na wanachama waliozoea kushikana mkono msibani na harusini. TANU ilikuwa na kadi na mihuri. Watu walikuwa kwa akina mama.  Kabla mwaka haujaisha, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga, wengi wao hawakupata elimu ya darasani.

Hapa Morogoro habari ya nguvu ya akina mama si ngeni. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama, na mashamba hurithiwa kwa njia hiyo. Na mwaka huohuo wa 1955, akina mama wa Dar es Salaam walipokuwa wakijiunga na TANU, milima ya Uluguru ilichafuka, watu wakikataa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta.

Mwaka 1962 Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ukaundwa, Bibi Titi akiwa mwenyekiti. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini. Akaachiwa 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa majukwaani. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Wale viongozi wa ngoma waliopita nyumba kwa nyumba, wengi wao, hawana hata uchochoro.

Kwa hiyo, akina mama, mgeni wenu ana ombi moja kabla ya kukabidhi daftari hili jipya. Hesabu za michango zianzie ukurasa wa pili. Katika ukurasa wa kwanza waandikwe walioanzisha kikundi chenu: jina kamili, jina la mama, na kijiji alikotoka kila mmoja.