Kuinua Pikapu: Kuchagua na Kufunga Springi za Kuinulia Gari

Fungueni madaftari yenu, mwe tayari kuandika. Somo la leo linamhusu mwenye pikapu, dereva wake, na pia wewe unayepanda juu ya magunia kwenda mnadani.

Kwanza nitawasimulia jambo lililonipata. Katika kazi yangu ya kuzungukia madarasa, siku moja nilipewa nafasi katika pikapu iliyokuwa imeinuliwa majuma machache tu yaliyopita. Ilipendeza macho. Ilipita makorongo bila kugusa chini. Tulipokuwa tukiteremka kilima, gurudumu la nyuma likazama shimoni, likatoka. Dereva akakanyaga breki, na pedali ikazama karibu na sakafu. Breki za mbele zilishika kidogo. Akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Hakufa mtu. Fundi alipochungulia chini aliona mpira wa breki wa nyuma umekatika. Springi zilikuwa zimerefushwa, lakini mpira ulikuwa ule ule wa zamani, mfupi. Basi fahamuni: ukibadili kitu kimoja chini ya gari, umevigusa na vingine.

Sasa tuulize: kwa nini watu huinua pikapu? Wengine hutaka tumbo la gari lisigonge mawe. Wengine hutaka nafasi ya kuweka tairi kubwa zaidi. Wengine wameona springi za nyuma zimelala kwa sababu ya mizigo. Jua haja yako kabla ya kutoa fedha. Kama springi zimechoka tu, springi mpya za kimo cha kawaida huenda zikatosha.

Watu wengi hukosea jambo hili. Pikapu nyingi zina ekseli nzima nyuma, na difu imo katikati ya ekseli hiyo. Springi ndefu huinua chesisi na bodi, haziinui difu. Difu huinuliwa na tairi tu. Tufanye hesabu. Tairi lako lina kimo cha inchi 30, nawe unaweka la inchi 33. Tofauti ni inchi 3. Ekseli ipo katikati ya tairi, kwa hiyo itapanda nusu yake, yaani inchi 1 na nusu. Lakini mshale wa mwendo nao utakudanganya. Ukionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda kilomita 88.

Tena, kuinua gari si kuliongezea uwezo wa kubeba. Uzito ulioandikwa na kiwanda ni ule ule. Na kitu kirefu hupinduka upesi kuliko kifupi. Pikapu iliyoinuliwa, yenye magunia na watu juu yake, huweza kulala kwenye kona ambayo zamani iliipita salama. Kwa kazi za kawaida za shamba na barabara za udongo, inchi 2, yaani kama sentimeta 5, zatosha. Kila unapozidi hapo, matatizo huongezeka: shafti za mbele hupinda mno kwenye viungo vyake, na usukani hubadilika.

Unapochagua seti, mwambie muuzaji mambo matatu: aina na mwaka wa gari, uzito unaobeba kila siku, na vyuma vizito ulivyoongeza, kama bampa la chuma. Springi ya mzigo mzito katika gari tupu hurusha gari kama punda mkaidi. Springi laini chini ya mzigo mzito hulala upesi. Seti nzuri ina springi, shokapu zenye urefu unaolingana nazo, yuboti mpya na bushi mpya. Vipo pia vipande vya kuweka kati ya ekseli na springi. Ni rahisi kwa bei, lakini usivipandanishe kimoja juu ya kingine, na usiviweke kamwe chini ya springi za ekseli ya mbele.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kufungua nati hata moja, simamisha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Pima magurudumu yote manne, uandike. Kama zamani ilikuwa sentimeta 48 na baadaye ni 53, umeinua sentimeta 5. Daftari litakuambia ukweli.

Kwa springi za nyuma za majani, fuata hatua hizi:

1. Zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi. Inua gari kwa jeki, kisha weka stendi za chuma chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usitumie matofali, hupasuka ghafla.

2. Toa magurudumu. Tegemeza ekseli kwa jeki ya pili. Fungua shokapu, na uachie kishikio cha mpira wa breki ili usivutwe.

3. Fungua yuboti, kisha pini za mbele na za nyuma, utoe springi ya zamani.

4. Weka springi mpya. Kichwa cha boliti ya katikati lazima kikae sawasawa katika tundu lake kwenye ekseli. Kaza yuboti mpya kidogo kidogo, kwa kupishana. Za zamani zimekwisha kuvutika, usizirudishe.

5. Funga shokapu mpya, ukaze pini kwa wepesi tu. Rudisha magurudumu, shusha gari, ulitikise mara chache, ndipo ukaze pini kabisa. Ukizikaza gari likiwa juu, bushi za mpira zitajisokota na kuchanika.

Springi za mbele za mviringo, zilizofungwa pamoja na shokapu, zipeleke kwa fundi mwenye chombo cha kuzibana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu ikifyatuka. Katika hilo usijaribu.

Baada ya kufunga, kagua. Mpira wa breki usivutike gurudumu likining'inia, wala usukani ukizungushwa hadi mwisho. Pikapu nyingine zina fimbo nyembamba kutoka ekseli ya nyuma hadi valvu ya breki. Fimbo hiyo huipa valvu habari za mzigo. Gari likiinuliwa, valvu hudhani gari ni tupu, nayo hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Fundi airekebishe. Shusha taa za mbele zisiwapofushe wenzako. Peleka gari likapimwe ulingano wa magurudumu. Mwarifu mwenye bima yako, na uulize sheria ya ukaguzi mahali ulipo. Kisha, baada ya kilomita 500 hivi, kaza tena yuboti zote.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira wa breki una bei ndogo kuliko springi, nao ndio uliotaka kutuua.

Jibuni maswali haya katika madaftari, kisha msomeane:

1. Ni kitu gani huinua difu?
2. Tairi la inchi 29 likibadilishwa kwa la inchi 31, ekseli itapanda inchi ngapi?
3. Kwa nini pini hukazwa kabisa gari likiwa chini?

Mpaka somo lijalo, kwaherini.