Kitasa, Mnyororo na Namba

Somo la leo ni juu ya kuilinda pikapu ya zamani isiibwe. Najua si kila mmoja wenu ana pikapu. Lakini wengi wenu mazao yenu hufika sokoni kwa pikapu ya jirani, na gari hilo likiibwa, hasara huwafikia watu wengi. Basi fungueni madaftari yenu, mshike kalamu, maana mwisho wa somo mtaandika jambo.

Tutoe mfano. Tuseme yuko mtu Lushoto mwenye pikapu kuukuu. Kila alfajiri hupakia kabichi na karoti za majirani, akazipeleka sokoni. Karo ya watoto hutoka humo. Siku moja anasimama dukani kununua mkate. Anasema moyoni, "Narudi sasa hivi," anauacha ufunguo ndani ya gari. Akitoka dukani, gari halipo. Anakimbilia polisi. Askari anamwuliza, "Namba ya chesisi ni ngapi?" Hajui. "Gari lina rangi gani?" "Jeupe." Je, pikapu nyeupe ni ngapi barabarani?

Mtu huyu nimemtunga kwa ajili ya somo, lakini mambo kama hayo huwapata watu kweli. Alikosa mara mbili: hakumchelewesha mwizi, wala hakuijua namba ya mali yake. Tuyatazame makosa hayo moja moja.

Kwanza tujue kitasa cha mlango wa gari kinavyofanya kazi. Ndani yake mna vibati vyembamba, na kila kibati kina springi yake ndogo. Ufunguo una meno. Ufunguo wenyewe ukiingia, meno yake huvipanga vibati vyote sawasawa, na kitasa huzunguka. Ufunguo mwingine ukiingia, kibati kimoja au viwili hubaki vimetokeza, navyo hukizuia kitasa kisizunguke. Lakini gari likitumika miaka mingi, vibati hulika, na meno ya ufunguo hulika pia. Ndipo unapoona ufunguo wa gari jingine unafungua mlango wako. Kitasa cha namna hiyo ni pambo tu.

Tufanye nini? Mpe fundi akibadilishe. Na ukinunua pikapu iliyokwisha tumika, badilisha vitasa hata kama ni vizima, kwa sababu hujui funguo zake ziko mikononi mwa watu wangapi. Usichongeshe ufunguo mpya kwa kuiga ule uliolika, maana mtoto atakuwa na kasoro ya mama yake. Kitasa kikiwa kizito, usitie grisi, kwani grisi hushika vumbi. Tia unga mweusi laini wa grafiti, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli.

Sasa sikilizeni neno kubwa la leo. Kitasa hakimzuii mwizi kabisa, humchelewesha tu. Naye mwizi hapendi kukawia, wala hapendi kelele, wala kuonekana. Kwa hiyo usitegemee kizuizi kimoja. Weka viwili, vitatu, ili kazi yake iwe ndefu.

Kizuizi cha kwanza hakina bei: funga vioo, funga milango, toa ufunguo kila ushukapo, hata kama unanunua mkate mmoja. Usiku egesha penye taa, na ukate usukani ili magurudumu ya mbele yatazame ukutani. Gari lililoegeshwa hivyo ni kazi kulivuta.

Cha pili ni chuma cha kufungia usukani, au mnyororo mnene unaofunga usukani pamoja na kanyagio, wenye kufuli imara. Mwizi akichungulia dirishani akauona, huenda akapita zake.

Cha tatu ni swichi iliyofichwa. Katika pikapu ya petroli, fundi wa umeme huweza kuikatisha njia ya umeme unaowasha cheche, na injini isiwake mpaka uibonyeze swichi hiyo. Iwekwe mahali ambapo goti haliwezi kuigusa, ili injini isizimike safarini. Lakini jihadharini na dizeli za zamani. Baadhi yake huzimwa kwa kuvuta waya wa chuma, si kwa umeme, nazo zikisukumwa mteremkoni huwaka hata bila betri. Gari la namna hiyo lataka chuma cha usukani na mnyororo zaidi ya swichi.

Tena usisahau vitu vya nje. Tairi la akiba lililo chini ya bodi lifungwe kwa mnyororo na kufuli, na kifuniko cha tangi la mafuta kiwe na ufunguo wake.

Magari mapya yana mlinzi mwingine. Ndani ya mpini wa ufunguo mna kifaa kidogo chenye namba ya siri, na kompyuta ya gari ikikuta namba si yake, injini haiwaki. Huko Uingereza motokaa mpya za abiria zimelazimika kuwa na mlinzi huyo tangu Oktoba 1998. Toyota Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1968. Gari la umri huo halikuzaliwa naye. Mlinzi wake ni wewe.

Hapo ndipo inapokuja kazi ya kalamu. Kibao cha namba mwizi hukifungua kwa bisibisi. Lakini namba ya chesisi imepigwa katika chuma cha gari lenyewe, na kuifuta ni kazi. Itafuteni kwenye fremu au kwenye kibati chini ya boneti. Ifuteni vumbi, mwisome herufi moja moja, mwiandike daftarini pamoja na namba ya injini na alama zozote za gari: mkwaruzo, kiraka, kioo kilichopasuka. Daftari hilo likae nyumbani. Kadi ya gari nayo isikae ndani ya gari, maana mwizi ataipata pamoja na mali.

Mwaka uliopita huenda hukuweza kusoma namba hiyo. Leo waweza. Askari akikuuliza, hutasema "jeupe" tu.

Maneno ya kuandika: kitasa, kufuli, mnyororo, usukani, chesisi.

Maswali:
1. Kwa nini kitasa cha zamani hufunguka kwa ufunguo wa gari jingine?
2. Mwizi hapendi mambo gani matatu?
3. Namba ya chesisi yafaa nini baada ya gari kuibwa?

Asiye na gari na aisome namba ya gari la jirani kwa idhini yake, ampe imeandikwa. Kwaherini, mpaka somo lijalo.