Somo la Leo: Haki Kazini na Uchovu wa Moyo

Leo tutazungumza juu ya uchovu. Uchovu wa mwili huondoka mtu akilala. Lakini uko uchovu wa moyo: mtu huamka asubuhi amekwisha choka, hata kazi hajaishika.

Tazameni hapa kwetu Singida, wakati wa mavuno ya alizeti. Tuseme wachukuzi wawili wanabeba magunia katika viwanda viwili vya kukamua mafuta. Nguvu zao ni sawa. Wa kwanza anaijua zamu yake, maana imeandikwa ukutani. Magunia yake huhesabiwa mbele yake, na akizidisha saa hulipwa. Jioni mabega yanamwuma, lakini hufika nyumbani akacheka na watoto.

Wa pili hupewa zamu ya usiku kila juma, kwa sababu ndugu wa msimamizi haitaki. Akiuliza hesabu, hufokewa. Huyu hubeba gunia begani na uonevu moyoni. Gunia hulitua, uonevu huenda nao mpaka kitandani. Mwisho huanza kuchelewa, hukasirika upesi, na kuichukia kazi aliyoipenda.

Msimamizi atasema, "Mvivu huyu!" Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na mashaka ya kazini ya siku nyingi yasiyotatuliwa. Basi kulala peke yake hakutoshi. Hapana budi kazi yenyewe itengenezwe.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mipaka. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma. Saa ya nyongeza hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Na kila juma mfanyakazi apate mapumziko ya saa 24 mfululizo.

Sasa mwaona faida ya kusoma na kuandika. Kila siku andika katika daftari: saa ya kuingia, saa ya kutoka, na malipo. Ukionewa, zungumza kwanza na mkubwa wako kwa adabu, daftari mkononi. Asiposikia, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie kwenda, kwani malalamiko yana muda wake.

Nawe uliye msimamizi, gawa zamu kwa zamu, na ukiulizwa hesabu, ionyeshe.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini mchukuzi wa pili alichoka zaidi?
2. Juma lililopita ulifanya kazi saa ngapi? Ziandike.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.