Hotuba ya Walimu Siku ya UKIMWI Duniani: Redio ni ya Nani, Afya ni ya Nani?



Sisi walimu tuliotoka Rumonge na mwambao wa Ziwa Tanganyika tumeombwa kuzungumza juu ya UKIMWI, yaani Sida kama tunavyouita kwetu. Tumechagua kusema juu ya redio, kwa sababu kwa wengi wetu redio ndiyo mwalimu wa kwanza.

Rumonge mnaifahamu. Mvuvi huingia ziwani usiku wa giza, taa zikiwaka. Mbalamwezi ikitoka hubaki mwaloni na fedha mfukoni, pamoja na wanunuzi wa ndagala, wachuuzi wa mawese na wasafiri wa Kigoma na Uvira. Watu wa namna hiyo huwakuti darasani. Elimu yenyewe ndiyo huwafuata, kwa redio.

Je, redio ni ya nani? Burundi ina redio ya taifa, RTNB. Lakini dini nazo zilishika maikrofoni zamani. Misheni za Kiprotestanti zilianzisha Redio Cordac mjini Bujumbura miaka ya 1960, na baadaye zikaja Redio Maria ya Wakatoliki na Redio Ivyizigiro ya Waprotestanti. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilinyamazishwa. Redio zikipungua, uzito wa zilizobaki huongezeka. Hata ukimbizini ni hivyo: Redio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi.

Tunazishukuru dini. Zimewauguza wagonjwa wetu na kuwalea yatima wetu. Mwenye redio ana haki ya kuhubiri imani yake, na kusubiri ndoa na kuwa mwaminifu ni kinga ya kweli. Shida huanza pale neno "kondomu" linapofungiwa nje ya studio pamoja na yote yanayofanana nalo. Redio inayosikika ikiwa ni moja tu, kimya chake nacho ni tangazo: msikilizaji hudhani njia nyingine haipo.

Kimya hicho kina gharama. Mama aliyebakwa njiani akitafuta kuni ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU. Asiposikia habari hiyo kabla, ataisikia wapi kwa wakati? Mjamzito mwenye VVU asiyepata dawa ana hatari ya kumwambukiza mtoto kati ya 15 na 45 kwa mia. Akipata dawa, hatari hiyo hushuka chini ya 5 kwa mia. Na anayemeza dawa sawasawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Habari hizi hazigombani na dini yoyote.

Ng'ambo ya ziwa, Redio Tanzania, mali ya serikali, ilianza mchezo wa "Twende na Wakati" mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi, aliishia kufa kwa UKIMWI. Dodoma haikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti walinganishe. Nao waliona wasikilizaji wanabadili mwenendo.

Na msidhani redio ya serikali peke yake ndiyo iwezayo. Nchini Uganda, Chama cha Madaktari Waislamu kilianza mwaka 1992 kuwafundisha maimamu habari za UKIMWI. Mwanzoni kondomu iliachwa nje. Baadaye, baada ya mazungumzo, ikaingizwa kwenye mafunzo. Hata Papa Benedikto wa 16, aliyesema Machi 2009 kwamba kondomu zaweza kuzidisha tatizo, alikubali Novemba 2010 kwamba kwa baadhi ya watu kuitumia ili kuzuia maambukizi kwaweza kuwa hatua ya kwanza ya kuwajali wengine. Basi mlango wa mazungumzo haujafungwa.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, redio ya dini ihubiri itakavyo, lakini isiseme uongo juu ya kinga wala dawa. Pili, jambo isiloweza kulieleza, iseme tu: "Nendeni kituo cha afya, upesi." Tatu, mashirika yanayolipia vipindi yadai saa ya afya kwa Kirundi na Kiswahili, isomwe na mhudumu wa afya.

Nasi tuliopo hapa tusingoje. Shuleni, kwenye foleni ya maji, msikitini na kanisani, kila mmoja amwambie mwenzake habari ya saa 72. Hiyo haihitaji kibali cha mwenye redio.



Walimu wakimbizi kutoka mwambao wa Rumonge