Wepesi wa Kubandika na Uchache wa Taka ni Jambo Moja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalotoka kazini kwangu. Mimi si daktari. Kazi yangu serikalini ni ya ugavi. Daktari hukiona chombo kinapofika kwa mgonjwa. Mtu wa ugavi inampasa akione mapema, zabuni inapoandikwa, na akione tena kinapokuwa taka. Leo nasema juu ya vihisi vya sukari, yaani vile vyombo vidogo ambavyo mwenye kisukari hujibandika mkononi ili ajue sukari yake usiku na mchana.

Katika miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu katika vijiji sita vya nchi yetu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionyesha wenye kisukari hawafiki mtu 1 kwa 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulipata karibu 9 kwa 100 kati ya watu wa miaka 25 hadi 64. Njia za kupima hazikuwa sawa, lakini ongezeko ni kubwa. Wapo pia watoto ambao miili yao haitengenezi insulini. Hao bila sindano hawaishi, na bila kupima mzazi hajui achome kiasi gani.

Kihisi kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Juu yake kuna kimeng'enya kinachoshughulika na sukari, na umeme mdogo unaotokea ndio hupimwa. Wazo hilo lilianza Marekani mwaka 1962 kwa Leland Clark na Champ Lyons. FreeStyle Libre, iliyoingia sokoni Ulaya mwaka 2014, hukaa siku 14. Anayejitoboa kidole mara nne kwa siku hutumia stripu 1,460 kwa mwaka. Wa Libre hutumia vihisi 26. Lakini kila kihisi huja na kifaa cha plastiki cha kukibandikia, kikubwa kuliko kihisi chenyewe, na ndani yake mna sindano.

Mafundi wamefuata njia tatu. Ya kwanza ni kuunganisha vyote pamoja, kama Libre 3 na Dexcom G7: unafungua, unabonyeza, umemaliza. Ni rahisi, lakini betri na mtambo wa redio hutupwa kila mara. Ya pili ni kutenganisha. Dexcom G6 ilikuwa na mtambo wa miezi mitatu na kihisi cha siku 10. Mtambo wa Guardian wa Medtronic huchajiwa. Taka za umeme hupungua, lakini hatua huongezeka, na pasipo umeme kuchaji ni mzigo. Ya tatu ni Eversense, inayozikwa chini ya ngozi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha ya siku 365. Taka ni chache kweli, ila lazima awepo mtaalamu wa kupasua ngozi.

Sasa tuyalete haya Ufipa. Huku juu kuna baridi. Kule Kirando ziwani na bonde la Rukwa kuna joto na jasho. Gundi ikiachia siku ya tano, siku tisa zimetupwa pamoja na fedha yake. Mama akikosea hatua moja, kihisi kizima kimeharibika. Kwa hiyo taka mbaya kuliko zote ni kihisi kisichofanya kazi. Anayesema wepesi ni mambo ya starehe na taka ni mambo ya Wazungu hajatazama shimo la taka nyuma ya nyumba, ambako sindano na betri huchomwa pamoja na maganda, na watoto wanacheza hapo hapo.

Wazee wetu waliofua chuma walijenga malungu marefu ya udongo, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chombo kilipunguza kazi ya mtu, na kilitengenezwa kwa kilichopo mahali. Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Zabuni ya vihisi idai haya:

1. Mtu aweze kujibandika kwa mkono mmoja, akiongozwa na picha na maelezo ya Kiswahili.

2. Sindano irudi ndani yenyewe na isiweze kutoka tena.

3. Gundi ijaribiwe kwa joto na jasho la bondeni, si ofisini tu.

4. Betri ya kihisi kilichokwisha iweze kutolewa bila kisu.

5. Muuzaji alazimike kuvikusanya vilivyotumika, katika maboksi ya usalama, kutoka kwenye vituo alivyovipelekea vipya.

Wapo watakaosema bei bado ni kubwa kwa familia nyingi, tungoje kwanza. Ndugu zangu, wakati wa kuweka masharti ni kabla ya kununua. Tukishaagiza maelfu, muuzaji hatatusikiliza.

Humu mna madiwani, waganga, walimu na wafanyabiashara. Halmashauri ikijadili vifaa vya kisukari, swali la kwanza liwe: je, mama wa Kirando ataweza kumbandikia mwanawe peke yake? Na la pili: kikiisha, kitakwenda wapi?