Nani Amebaki Juu?

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika sherehe za maadhimisho ya hekalu letu, Mombasa



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya ujirani. Sisi si wanazuoni, wala hatuna mafundisho mapya ya kuwaletea. Tunacho kisa kimoja tu, cha usiku mmoja, nacho hakitusifu. Hata hivyo tumeona ni heri kisimuliwe hapa, kwa kuwa baadhi ya waliokuwamo wameketi nasi leo.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020. Kwetu ilikuwa Janmashtami, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Shri Krishna, ambaye kwa mapokeo yetu alizaliwa usiku wa manane. Mtakumbuka hali ya mwaka ule. Kwa sababu ya korona, ibada ziliwekewa kikomo cha saa moja na watu 100. Watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliozidi miaka 58 hawakuruhusiwa kuhudhuria. Na kafyu ilianza saa tatu usiku. Hapakuwa na njia ya kukesha hekaluni, basi kila nyumba ikajifanyia hekalu dogo sebuleni. Sisi, watu saba wa familia moja, tulikuwa katika ghorofa ya nne. Tulikuwa tumefunga tangu asubuhi. Mbele ya madhabahu tuliwasha taa ya samli, tukatundika kibembea kidogo cha shaba chenye njuga, ambamo sanamu ya mtoto Krishna ingelazwa itimiapo saa sita.

Saa mbili na robo hivi, njuga zikalia. Hakuna aliyekuwa amekigusa kibembea. Binti yetu mdogo akapiga makofi, akasema Krishna amekuja mapema. Kisha sahani zikagongana kabatini, maji yakacheza katika jagi, na sakafu ikapita chini ya nyayo zetu kama mtumbwi unaofikiwa na wimbi la meli iliyokwisha kupita. Ba, bibi yetu, ndiye aliyelitambua jambo lile kabla yetu. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni ardhi, wanangu."

Tukakimbia. Tulimbeba Ba, tukawashika watoto, mmoja wetu akachukua simu na mwingine, hatujui kwa nini, akachukua birika. Ngazi zilijaa watu: aliyejifunga kikoi, aliyekuwa na povu la sabuni kichwani, aliyemkumbatia mtoto wa mwenzake akidhani ni wake. Tulipofika uani mtetemeko ulikuwa umekwisha zamani. Haukudumu ila sekunde chache. Kila familia ikajihesabu. Sisi tulikuwa saba, tukamshukuru Mungu.

Hapo Ba akauliza, "Na jirani wa mlango wa pili yuko wapi?"

Tukatazamana. Bi Mkubwa yule ni mjane, magoti yake yana maradhi, hutembea kwa mkongojo, na wanawe wako Ughaibuni kikazi. Mlango wake na wetu haufiki hatua sita. Kwa miaka tisa tulikuwa tumeamkiana kila asubuhi, naye hakukosa kutuletea sahani siku ya Idi. Usiku ule watu wote wa ghorofa ya nne na wa juu yake waliupita mlango wake, na kila mmoja alidhani mwingine amemchukua.

Bawabu wetu hakungoja kuambiwa. Alipanda ngazi akiwa na tochi yake, na mkubwa wetu akamfuata, kwa aibu zaidi kuliko kwa ushujaa. Walimkuta Bi Mkubwa ameketi sakafuni karibu na meza, tasbihi mkononi, hana jeraha. Hakulalamika. Alisema tu kwamba alizisikia nyayo zikipita mlangoni pake, akawa anazihesabu mpaka zikaisha.

Ndugu zetu, maneno hayo hayajatutoka masikioni hata leo. Na aliporudi kuangalia nyumba yetu, mkubwa wetu aliikuta ile taa ya samli ingali inawaka, shubiri moja kutoka kwenye pazia. Tungaliweza kuliteketeza jengo ambalo ardhi yenyewe ililihurumia.

Baadaye tulijifunza kilichotokea. Tetemeko lile, lenye ukubwa upatao 6, lilianzia chini ya Bahari ya Hindi, upande wa Kisiwa cha Mafia. Lilisikika Dar es Salaam, Mombasa, hata Nairobi. Upande huu wa Afrika unaachana na bara lililobaki polepole mno, milimita chache kwa mwaka, na mara moja moja miamba iliyokazana huachia ghafula. Sisi lilitufikia likiwa limechoka kwa safari. Lakini tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9, karibu sawa na letu, lilitokea huko Kagera, karibu na mji wa Bukoba. Huko watu zaidi ya 15 walifariki na nyumba nyingi zikaanguka. Tofauti kubwa baina yetu na wao ilikuwa umbali, wala haikuwa wema wetu.

Ba aliyajua haya bila kitabu. Alizaliwa Anjar, katika nchi ya Kutch, ambako ndiko asili ya wengi wetu hapa. Mwezi wa Julai 1956, akiwa na umri wa miaka minane, tetemeko liliupiga mji ule usiku na kuua watu zaidi ya 100. Na tarehe 26 Januari 2001, lile kubwa la Bhuj liliua watu wapatao 20,000, na Anjar ikaanguka tena. Usiku ule uani alituambia kwamba mwaka 1956 baba yake alipita mtaani akiita majina ya nyumba zote, moja baada ya moja, na nyumba isiyoitika ndiyo iliyochimbuliwa kwanza. "Wasiokuwa na jirani wa kuwataja," alisema, "walingoja sana."

Saa tatu ilikaribia na kafyu haikujali tetemeko. Ilitubidi kurudi ndani, na hakuna aliyetamani kurudi. Ndipo tukakubaliana kwamba milango yote ya ngazini ibaki wazi usiku kucha. Wa ghorofa ya chini walitandika mikeka kwa walioogopa kupanda. Bi Mkubwa hakutaka kulala peke yake, tukamwekea kiti mlangoni petu. Ilipotimia saa sita tulipiga kengele na kumlaza mtoto Krishna katika kibembea. Yeye alibaki kitini pake na tasbihi yake, nasi mbele ya madhabahu yetu. Tulipomaliza tulimwomba radhi. Akajibu, "Nyumba ilitikisika, wanangu, na nyinyi mkatikisika. Lakini mara nyingine gongeni mlango."

Tangu siku ile jengo letu lina daftari. Limeandikwa kila mlango, nani yumo, nani hawezi kushuka ngazi peke yake, na ni mlango upi unaomjibia. Ufunguo wetu wa akiba uko kwa Bi Mkubwa, na wake uko kwetu. Tumewafundisha watoto pia kwamba ardhi inapotikisika hatukimbilii ngazi, kama tulivyokosea sisi. Tunainama, tunaingia chini ya meza imara, tunakinga kichwa na kukaa mbali na vioo. Ikitulia, tunazima moto na gesi, tunagonga mlango wa jirani, kisha tunashuka pamoja kwa miguu, wala si kwa lifti.

Ombi letu kwa Kamati, katika maadhimisho haya, ni dogo. Hekalu letu linayo orodha ya wafadhili, na ni haki yao. Tunaomba liwe pia na daftari la mtaa huu, la kila nyumba, iwe ya mwumini wetu au la, lenye majina ya wazee, wagonjwa na wanaoishi peke yao, pamoja na jina la aliye karibu nao. Vijana wetu waweza kulianza juma hili. Likikamilika, na lisomwe kwa sauti mara moja kwa mwaka usiku wa Janmashtami, kabla ya kengele ya saa sita.

Bi Mkubwa ameketi safu ya mbele leo, na bawabu wetu yuko nyuma yake. Tunawashukuru mbele yenu nyote.